Moyo wa Mzee na Miguu Yake

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosemwa. Mwalimu wa darasa asome polepole, na asimame palipoandikwa asimame.

  Ninyi vijana mliokuja kuwasindikiza babu na bibi zenu, msikae mlangoni, ingieni ndani, maana somo la leo ni lenu kama lilivyo lao.

Leo nitasema nanyi juu ya mambo mawili. Watu huyatenga, kumbe yanakaa nyumba moja. La kwanza ni moyo na mishipa ya damu. La pili ni unyonge wa uzeeni, yaani ile hali ya mzee kuishiwa nguvu hata jambo dogo likamwangusha. Kabla ya yote, mwalimu wa darasa aandike ubaoni namba hizi, aziandike kubwa:

140/90

Ziacheni pale. Tutazirudia.

Nitaanza na habari ya nyumbani kwetu, nayo si ya kunisifu. Mimi nimefundisha watu wazima kusoma kwa miaka mingi. Mama yangu alikuwa na kadi ya zahanati. Aliikunja akaitia ndani ya kopo la majani ya chai pamoja na risiti za zamani. Siku aliyopewa kadi ile alirudi nyumbani akasema, "Wamenifunga mkono wakanipima, wamenipa vidonge." Tukajibu, "Vizuri, mama." Vidonge vilikuwa vya mwezi mmoja. Vilipokwisha, mama aliona hana maumivu yo yote, akadhani amepona, asirudi. Kopo lilikaa juu ya kabati mwaka mzima na zaidi. Asubuhi moja kikombe cha uji kilimponyoka mkononi, na alipotaka kusema neno, mdomo ulikuwa umekwenda upande.

Usiku ule, tuliporudi kutoka hospitali, ndipo nilipofungua kopo. Juu ya kadi paliandikwa 182/98 kwa wino wa buluu, namba kubwa, safi. Mtoto wa darasa la pili angeweza kuzisoma. Mimi, mwalimu wa kusoma, sikuwa nimezisoma.

Basi leo tutajifunza kuzisoma namba zile.

Kila mmoja akunje ngumi. Moyo wako ni mkubwa kadiri ya ngumi yako hiyo. Umekaa katikati ya kifua, umeelekea kidogo upande wa kushoto. Ni misuli, kama paja lilivyo misuli, lakini paja hupumzika ukikaa. Moyo hupumzika kitambo kidogo tu, kati ya pigo na pigo.

Wanaojifunza hesabu waandike. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, kwa saa moja utapiga mara 4,200. Zidisheni kwa saa 24. Mtapata 100,800. Hiyo ndiyo kazi ya siku moja. Na mtu akiwa amekaa kitako tu, moyo wake husukuma kadiri ya lita 5 za damu kila dakika. Debe la lita 20 lingejaa kwa dakika 4. Bila shaka mwilini hamna madebe ya damu. Mtu mzima ana kadiri ya lita 5 tu. Ni damu ile ile, yaenda na kurudi. Zamani hata madaktari hawakulijua jambo hili. William Harvey, daktari wa Uingereza, alilieleza katika kitabu mwaka 1628, naye alisaidiwa na hesabu kama hii yetu: aliona kwamba damu itokayo moyoni kwa muda mfupi ni nyingi mno, mwili hauwezi kutengeneza mpya kila mara. Basi lazima yarudi.

Sasa tuje kwenye mishipa. Ninyi mliokulia kijijini mwajua manati. Mpira mpya wa manati huvutika na kurudi. Mpira uliokaa juani miaka mingi huwa mgumu. Mshipa mkubwa utokao moyoni, kwa kijana, ni kama mpira mpya. Moyo ukipiga, mshipa hutanuka kuipokea damu, kisha hurudi na kuisukuma mbele taratibu. Kwa mzee mshipa umekuwa mgumu. Damu yakuta ukuta usiolegea, na kishindo chake chapanda. Moyo nao hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na nyama yake hunenepa. Mkono wa mhunzi ukinenepa ni sifa. Moyo ukinenepa hivyo si sifa: huwa mgumu, haujai damu vizuri unapopumzika.

Kile kishindo cha damu ndani ya mishipa ndicho tunachokiita shinikizo la damu. Watu wengi huita presha, nami nitaita hivyo hivyo.

Presha ina namba mbili kwa sababu moyo una hali mbili. Namba ya juu ni kishindo wakati moyo unapokaza na kusukuma. Namba ya chini ni kishindo kibakicho mishipani wakati moyo umelegea. Kile kitambaa cha kufunga mkononi kilibuniwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, alionyesha jinsi ya kusikiliza mshipa kwa chombo cha masikioni, akapata namba zote mbili. Leo ziko mashine zinazopima zenyewe, lakini namba ni zile zile.

(Mwalimu asimame hapa. Wanafunzi wasome namba za ubaoni pamoja: mia moja na arobaini, juu ya tisini.)

Mzee akipimwa kwa siku mbalimbali, na namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, kwa kawaida madaktari husema presha yake imepanda. Angalieni, nimesema kwa siku mbalimbali. Mtu aliyepanda kilima mbio akafika zahanati anahema, akapimwa pale pale, namba zake hazisemi kweli. Yafaa akae dakika 5 kwanza, ameegemea kiti, miguu chini, mkono umelala mezani sawa na kifua, wala asizungumze wakati anapimwa. Mkiona muuguzi ana haraka, mwombeni kwa adabu mzee apumzike kidogo. Tena mwombeni awaandikie namba, awasomee. Kadi ni yenu.

Kwa wazee wengi namba ya juu ndiyo ipandayo, na ya chini hubaki pale pale au hushuka. Msidanganyike kwa sababu moja kati ya namba ni nzuri.

Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Jino likiuma mtu hatalala. Atatafuta wa kuling'oa. Presha yaweza kukaa miaka kumi bila kumwambia mtu neno, huku yaharibu mishipa ya ubongo, ya figo, ya macho, na moyo wenyewe. Katika vijiji vya wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu 2,223 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yalitolewa mwaka 2013. Karibu watu 7 katika kila 10 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakujua. Nayo Hai ni watu wa kulima na kupanda milima, si watu wa kukaa ofisini. Kwa hiyo asiseme mtu, "Presha ni ya matajiri wa mjini."

Wapo wasemao, "Mzee ana miaka 80, dawa za nini? Mwacheni ale siku zake." Hata madaktari walibishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Wengine waliogopa kwamba dawa zingewadhuru wazee sana kuliko kuwafaa. Ndipo lilipofanywa jaribio kubwa katika nchi za Ulaya, na China, na Tunisia, na nyingine. Walikuwa watu 3,845, wote wa miaka 80 na zaidi, wenye namba ya juu kuanzia 160. Wengine walipewa dawa ya presha, wengine vidonge visivyo na dawa, wala mwenyewe hakujua amepewa kipi. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Penye vifo 100 kwa wasiopewa dawa, kwa waliopewa vilikuwa kama 79. Na ugonjwa wa moyo kushindwa kazi ulipungua zaidi ya nusu. Lakini sikilizeni na hili: madaktari wale hawakuishusha presha kwa pupa. Walilenga 150 kwa namba ya juu, polepole. Mzee mnyonge sana, aangukaye mara kwa mara, kipimo chake chaweza kuwa kingine, na hilo ni la daktari amwonaye kwa macho. Si langu mimi niliye redioni, wala si la jirani mwenye vidonge vilivyobaki.

Sasa tuje kwenye unyonge.

Mzee na mnyonge si neno moja. Ninyi wenyewe mwamjua mkongwe wa miaka 85 aendaye shamba na jembe begani. Tena mwamjua mtu wa miaka 68 ambaye homa ya siku tatu imemlaza mwezi. Miaka si sababu peke yake. Mwaka 2001 daktari wa Marekani aitwaye Linda Fried, pamoja na wenzake, walieleza dalili tano za unyonge huu. Waliwachunguza watu zaidi ya 5,000 wenye miaka 65 na zaidi, watu ambao walikuwa wameandikishwa kwa ajili ya uchunguzi wa magonjwa ya moyo na mishipa. Wakaona kwamba wenye ugonjwa wa moyo ndio walioelekea zaidi kuwa wanyonge. Dalili zenyewe ni hizi.

Mzee amekonda bila kukusudia, kadiri ya kilo nne na nusu kwa mwaka mmoja. Msio na mizani mtatazama mkanda: je, tundu limesogea? Je, gauni la Idi au la Krismasi ya mwaka jana sasa lamwelea? Dalili ya pili, mzee asema kila kitu chamchosha, hata kuoga. Ya tatu, mkono hauna nguvu. Kukamua nguo au kufungua kifuniko cha chupa kwamshinda. Ya nne, mwendo umekuwa wa polepole. Ya tano, ameacha shughuli, ashinda amekaa.

Aliye na dalili tatu au zaidi wao humwita mnyonge. Mwenye moja au mbili yuko njiani, na wa njiani aweza kurudishwa kwa urahisi zaidi. Katika watu wale wa Marekani, kama 7 katika kila 100 walikuwa na tatu au zaidi, nao ndio walioanguka zaidi, waliolazwa hospitali zaidi, na waliokufa zaidi katika miaka iliyofuata.

Labda mtaniuliza, moyo umeingiaje hapa? Umeingia kwa milango miwili. Moyo ukidhoofika, misuli ya miguu haipati damu ya kutosha. Mzee achoka, akaa chini. Akikaa chini, misuli yakonda. Misuli ikikonda, hata kwenda chooni ni kama kupanda mlima, na moyo uliokwisha dhoofika watwishwa mzigo mkubwa zaidi. Mlango wa pili ni huu: mzee mnyonge akipata ugonjwa wa moyo, hana akiba ya kumvusha. Ni kama nyumba isiyo na chakula ghalani. Ukame mdogo huitikisa.

Kuna jambo baya zaidi ya hayo, nalo latoka kwetu sisi watoto. Twalisema kila siku: "Ni uzee tu." Mzee ahema akitoka kisimani, ni uzee tu. Miguu imevimba jioni, kiatu hakiingii, ni uzee tu. Usiku hawezi kulala chali, ataka mito mitatu au akae kitini ndipo apumue, ni uzee tu. Hapana. Hizo ni dalili za moyo kushindwa kazi, nazo zina dawa. Tena kwa wazee ugonjwa wa moyo mara nyingi huja bila yale maumivu ya kifua yasemwayo na watu. Huja kwa kuhema, kwa kuishiwa nguvu ghafula, au mzee kuchanganyikiwa. Mwenye kuvimba miguu na kuhema apelekwe hospitali juma hili hili. Mwenye kuhema hata amekaa kitako, au aliyebanwa na kifua, apelekwe sasa hivi.

Na kiharusi, yaani kupooza kwa ghafula, nitawaambia alama zake kwa kuwa nilizitazama bila kuzijua. Uso waanguka upande mmoja. Mkono mmoja hauinuki. Maneno hayatoki sawasawa. Moja tu kati ya hizo yatosha kukufanya utafute gari. Wapo wasemao ni upepo mbaya, wataka kwanza kutafuta mtaalamu wa upepo. Mimi sibishani na mtu siku ya msiba wake, lakini saa za kwanza ni za hospitali, mengine yatangoja.

Nirudi kwa mama. Hakufa. Alirudi nyumbani mkono wa kushoto ukiwa mzito na mguu ukiburura. Basi tukampenda. Tulimwekea kitanda karibu na dirisha. Chakula kilifika kitandani, maji ya kunawa yalifika kitandani. Akitaka kuinuka, wajukuu watatu walipiga kelele, "Bibi, usiinuke, pumzika!" Miezi minne tulimpumzisha. Mwezi wa tano mguu mzima, ule wa kulia ambao kiharusi hakikuugusa, ulikuwa umekonda kama mti wa mwiko. Hakuweza kusimama kabisa. Bibi mmoja wa hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimtazama, kisha akatutazama sisi. Akauliza, "Nani aliwaambia mguu wa kulia nao ni mgonjwa?"

Hatukuwa na jibu.

Mnataka kujua kitanda hufanya nini? Huko Arkansas, Marekani, walichukuliwa wazee 12 wenye afya, umri wao wapata miaka 67, wakalazwa kitandani siku 10 tu. Hawakuwa wagonjwa, na walilishwa vizuri. Matokeo yalitolewa mwaka 2007: misuli ya miguu yao ilipungua karibu kilo nzima. Siku 10! Sisi tulimlaza mama siku 120.

Na kinyume chake ni kweli pia. Mwaka 1990 huko Boston, wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wakongwe, wenye umri wa miaka 90 hivi, mmoja wao 96, walianza kunyanyua uzito kwa miguu. Mmoja aliacha, 9 walimaliza majuma 8. Nguvu ya mapaja yao ilizidi maradufu. Wawili waliziacha bakora zao. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89: waliotembea na kufanya mazoezi kwa mpango walihifadhi zaidi uwezo wa kutembea mita 400 kuliko waliopewa mafunzo ya afya tu.

Moyo nao hupenda miguu iendayo. Mwaka 1953 Jeremy Morris wa Uingereza alitoa habari za wafanyakazi wa mabasi ya London, yale yenye orofa mbili. Dereva alikaa siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mara kwa mara kukata tiketi. Basi lilikuwa moja, moshi ulikuwa mmoja, lakini makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Hizo ngazi ndizo zilizofanya watu waanze kufikiri.

(Mwalimu asimame hapa. Darasa lipumzike dakika tano. Wote wasimame, na wazee pia.)

Haya, tumerudi. Sasa nitawaeleza vipimo viwili ambavyo havihitaji daktari. Chukueni kamba ya mita 4, mwilaze chini mahali pa tambarare. Mzee atembee kandokando yake kwa mwendo wake wa kila siku, na mwenye saa au simu ahesabu sekunde. Akimaliza chini ya sekunde 5, vema. Akichukua 5 au zaidi, mwendo wake umepungua. Kipimo cha pili ni kiti kisichoyumba, kilichoegemezwa ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5. Akipita sekunde 15, au akishindwa, misuli ya mapaja imepungua. Mtu mwenye nguvu asimame karibu naye, na mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu asijaribu. Vipimo hivi havitoi hukumu. Vinawapa neno la kumwambia daktari, maana "mzee amechoka" ni neno ambalo daktari hulisikia mara hamsini kwa siku, lakini "mwezi uliopita alitumia sekunde 4, sasa atumia 7" ni habari.

Dawa ya miguu yaanza kwenye kiti kile kile. Asubuhi mzee asimame na kukaa mara tatu, jioni mara tatu. Juma lijalo nne. Ashike fremu ya mlango, asimame juu ya ncha za vidole. Atembee hata mti wa pili na kurudi. Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, mwendo huo unamfaa. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza zahanati aanze na kiasi gani, lakini asiseme ugonjwa wa moyo ni sababu ya kulala. Na kazi za nyumbani msimnyang'anye zote. Kupepeta mchele, kuchambua mboga, kwenda kumjulia hali jirani, hizo ni kazi zenye heshima na zenye miguu.

Juu ya chakula nitasema kwa ufupi. Wazee wengi, meno yakiisha, hubaki na chai na ugali laini. Hapo misuli haipati kitu. Pondeni dagaa, tieni katika mboga. Karanga za kusaga, maharage yaliyopondwa, kunde, yai, maziwa ya mgando, hayo hayahitaji meno. Chumvi ipungue: Shirika la Afya Duniani lasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha tiwa ndani ya vyakula. Watu wa pwani wenzangu, ng'onda na papa mkavu ni watamu, najua, lakini waloweni na kumwaga maji. Sigara ziachwe, hata na mwenye miaka 75. Moyo hupata faida umri wo wote.

Darasa moja liliniletea swali: "Mzee wetu akimeza dawa ya presha huona kizunguzungu akiinuka. Je, aache?" Asiache mwenyewe. Kwa wazee, presha yaweza kuanguka ghafula mtu anaposimama, na dawa yaweza kuzidisha jambo hilo. Apimwe akiwa amekaa au amelala, kisha apimwe tena akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe, apunguze au abadilishe. Wakati huo huo, mzee akiamka asiruke. Akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ahesabu hadi thelathini, ndipo asimame na kushika kitu. Usiku taa iwe karibu. Wengi wamevunjika nyonga kati ya kitanda na choo.

Swali la pili lilitoka kwa mama mmoja: "Babu ana dawa ya presha, tena humeza vidonge vya magoti kutoka duka la dawa. Presha haishuki." Mama, umeuliza swali la daktari. Dawa nyingi za maumivu, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, hupandisha presha, hukusanya maji mwilini na kuziumiza figo za mzee. Siku ya kliniki tia dawa zake zote katika mfuko mmoja, na za dukani, na za mitishamba, umwage mezani mbele ya daktari.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanafunzi amtafute mzee mmoja, wa nyumbani au wa jirani. Amwombe kwa adabu kadi yake ya zahanati. Asiye na kadi asindikizwe kwenda kupimwa. Katika daftari aandike tarehe, namba ya juu, namba ya chini, na siku ya kurudi kliniki. Chini yake aandike sekunde za kamba na sekunde za kiti. Msiandike jina la mzee, andikeni "babu" au "bibi" tu, kwa kuwa daftari hizi mtasomeana.

Mama yangu sasa hutoka kitandani hadi jikoni kwa bakora, na jikoni huwagombeza watu kama zamani. Kadi yake imetundikwa ukutani karibu na mlango. Juzi ilikuwa 146 juu ya 78, na daktari wake ameridhika.

Mwalimu, zima redio sasa, utoe kamba nje kungali mwanga. Kwaherini.